Riwaya za mapenzi za Regency

Riwaya za mapenzi za Regency ni aina ya riwaya za Kiingereza ambazo hadithi zake hutokea Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, hasa kati ya mwaka 1811 na 1820. Kiini chake ni uchumba wa mwanamke na mwanamume wa tabaka la wenye ardhi, na karibu kila hadithi huishia kwenye ndoa. Makala hii inahusu hasa tawi moja la riwaya hizo: zile zinazoitwa "safi", yaani zisizosimulia mambo ya chumbani, na ambazo mhusika wake mkuu ni mwanamke anayependa elimu na kujiamulia mambo yake.

Aina hii ya riwaya ina uhusiano na Tanzania. Georgette Heyer, mwandishi anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake, aliwahi kuishi Tanganyika katika miaka ya 1920 na kuandika riwaya moja akiwa huko.

Jina na kipindi

Neno Regency lina maana ya utawala wa kaimu. Mfalme George III alipopatwa na ugonjwa wa akili, Bunge lilimpa mwanawe mkubwa mamlaka ya kutawala kwa niaba yake kuanzia Februari 1811. Mwana huyo aliendelea hivyo hadi baba yake alipofariki tarehe 29 Januari 1820, ndipo akawa Mfalme George IV. Waandishi wa riwaya hawaifuati mipaka hiyo kwa ukali. Wengi huanza miaka michache kabla ya 1800 na kufika hata miaka ya 1830.

Katika miaka ya mwanzo ya kipindi hicho Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa ya Napoleon, mpaka mapigano ya Waterloo ya tarehe 18 Juni 1815. Ndiyo sababu maafisa wa jeshi na wa majini ni wengi katika hadithi hizi. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba baadhi ya utajiri wa nyumba hizo kubwa ulitokana na mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, yaliyolimwa na watumwa Waafrika. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni yake hadi miaka ya 1830.

Chimbuko: Jane Austen

Chimbuko la aina hii ni riwaya za Jane Austen (16 Desemba 1775 – 18 Julai 1817), binti wa kasisi wa kijijini kusini mwa Uingereza. Yeye hakuandika riwaya za kihistoria. Aliandika juu ya watu wa wakati wake mwenyewe. Vitabu vyake vinne vilitoka akiwa hai: Sense and Sensibility (1811), Pride and Prejudice (1813), Mansfield Park (1814) na Emma (Desemba 1815). Viwili vingine, Northanger Abbey na Persuasion, vilitolewa pamoja mwishoni mwa mwaka 1817, baada ya kifo chake. Jina lake halikuandikwa kwenye jalada alipokuwa hai. Kitabu cha kwanza kilisema tu kwamba kimeandikwa na bibi mmoja. Hati ya Pride and Prejudice aliiuza moja kwa moja kwa pauni 110, kwa hiyo mchapishaji alipotoa toleo la pili, yeye hakuongezewa kitu.

Wahusika wake si wasomi kwa maana ya kuwa na vyeti, kwani wanawake hawakuwa na vyeti vya kupata. Ni wanawake wanaosoma na kufikiri. Elizabeth Bennet wa Pride and Prejudice anakiri kwamba hakuwahi kuwa na mwalimu wa nyumbani, lakini anamjibu kila mtu, pamoja na mwanamke mwenye cheo kikubwa anayekuja kumtisha. Fanny Price wa Mansfield Park, akiwa amerudishwa kwa wazazi wake maskini katika mji wa bandari, anatumia sehemu ya fedha zake kujiandikisha katika maktaba ya kuazima vitabu ili amfundishe mdogo wake. Anne Elliot wa Persuasion anabishana na nahodha juu ya uaminifu wa wanawake. Nahodha anapotaka kuleta vitabu kuwa ushahidi, Anne anavikataa, kwa kuwa kalamu imekuwa mikononi mwa wanaume.

Hata hivyo Austen hakusifu kila aliyeshika kitabu. Mary, mdogo wake Elizabeth, anasoma sana na kunukuu mafundisho makavu mezani bila kuelewa watu waliomzunguka, na mwandishi anamcheka. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwa na mwanafunzi wa kukariri atamtambua Mary mara moja.

Georgette Heyer na Tanganyika

Georgette Heyer (16 Agosti 1902 – 4 Julai 1974) alizaliwa Wimbledon, karibu na London. Riwaya yake ya kwanza, The Black Moth, ilitoka mwaka 1921. Mwaka 1925 aliolewa na Ronald Rougier, mhandisi wa migodi. Kazi ilimpeleka mume kwanza milima ya Kaukazi na baadaye Tanganyika, iliyokuwa wakati huo chini ya utawala wa Waingereza. Heyer alimfuata huko mwaka 1927. Waliishi porini katika kibanda cha matete, na inaelezwa kwamba watumishi wao hawakuwahi kumwona mwanamke Mzungu kabla yake.

Katika kibanda hicho aliandika The Masqueraders, iliyotoka mwaka 1928. Haihusu Afrika hata kidogo, wala si ya Regency hasa, kwa kuwa hadithi yake ni ya mwaka 1745: kaka na dada wanabadilishana mavazi, mwanamume akivaa kike na mwanamke kiume, ili kuilinda familia yao iliyoshiriki katika uasi. Vitabu vyake vingi vya rejea vilikuwa Uingereza, lakini wachunguzi waliopitia riwaya hiyo wanataja kosa moja tu la tarehe, linalohusu mwaka wa kufunguliwa kwa klabu moja ya London. Matukio ya Tanganyika aliyaandikia makala iliyotoka mwaka 1929 katika gazeti la The Sphere, yenye kichwa The Horned Beast of Africa. Mwaka 1928 mume alihamishiwa Makedonia naye akamfuata.

Riwaya yake ya kwanza ya kipindi cha Regency ni Regency Buck ya mwaka 1935. Baada yake zilifuata nyingine nyingi, na kutokana nazo kanuni za aina hii zilijengeka: msimu wa dansi London, ukumbi wa Almack's ambako mabibi wachache waliamua nani apewe kibali cha kuingia, magari ya farasi, mitindo ya tai, na misemo ya mitaani ya wakati ule. Heyer alifanya utafiti kama mwanahistoria. Alipofariki alikuwa na zaidi ya vitabu 1,000 vya rejea za historia. Kwa miaka mingi kalamu yake ndiyo iliyoilisha nyumba, hasa mume wake alipoacha migodi na kusomea sheria.

Wanawake wake wenye akili ni wa namna mbalimbali. Venetia Lanyon, katika Venetia (1958), ana miaka 25 na ameishi maisha yake yote shambani Yorkshire pamoja na mdogo wake mlemavu anayesoma Kigiriki na Kilatini. Elimu yake yote ameitoa kwenye maktaba ya baba yake. Anapokutana na jirani mwenye sifa mbaya, kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja anaweza kumalizia mistari ya mashairi aliyoianza mwenzake. Frederica Merriville, katika Frederica (1965), analea wadogo zake na kusimamia fedha za nyumba akiwa na miaka 24. Drusilla Morville wa The Quiet Gentleman (1951) ni binti wa wazazi wote wawili waandishi, na ni mtulivu kiasi kwamba wengine wanachelewa kugundua kwamba yeye ndiye anayefikiri vizuri kuliko wote nyumbani humo.

Wanawake wasomi wa enzi yenyewe

Msomaji anaweza kuuliza kama wanawake wa namna hiyo walikuwapo kweli. Walikuwapo, ingawa maisha yao yalikuwa magumu kuliko ya riwayani.

Tangu katikati ya karne ya 18 kulikuwa na kundi la wanawake wa London waliokutana kuzungumza juu ya vitabu badala ya kucheza karata. Liliitwa "soksi za buluu", kwa sababu mgeni wao mmoja msomi alikuja na soksi za kawaida za sufu badala ya zile za hariri za heshima. Jina lilianza kwa utani wa kirafiki, baadaye likawa tusi kwa mwanamke yeyote msomi. Mmoja wa kundi hilo, Elizabeth Carter (1717–1806), alitafsiri maandishi ya mwanafalsafa Epiktetus kutoka Kigiriki mwaka 1758 na kupata karibu pauni 1,000. Hakuolewa.

Caroline Herschel (1750–1848), aliyezaliwa Ujerumani, aligundua nyota-mkia nane na tangu mwaka 1787 alilipwa na mfalme pauni 50 kwa mwaka kama msaidizi wa kaka yake, mwanaastronomia. Jane Marcet aliandika kitabu cha kemia kwa njia ya mazungumzo ya mwalimu na wasichana wawili, kilichotoka mwaka 1806. Kijana mmoja fundi wa kujalidi vitabu alijifunza kemia humo. Kijana huyo alikuwa Michael Faraday.

Aliye karibu kabisa na hadithi za Regency ni Mary Somerville (1780–1872) wa Uskoti. Alipoanza kujifunza jometri usiku, wazazi wake waliagiza anyang'anywe mshumaa, naye akawa anakumbuka vitabu vya Euklidi kichwani gizani. Mume wake wa kwanza hakuipenda elimu ya wanawake. Mume huyo alifariki mwaka 1807, na mjane huyo, akiwa sasa na fedha zake, akaagiza vitabu vya hisabati bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1812 aliolewa na binamu yake William Somerville, daktari, aliyefurahia kazi yake na kumsaidia. Kitabu chake Mechanism of the Heavens kilitoka mwaka 1831, na chuo cha wanawake cha Oxford kilichoanzishwa mwaka 1879 kilipewa jina lake. Waandishi wengi wa Regency wamesimulia jambo lile lile bila kumtaja: mume wa kweli ni yule anayeuacha mshumaa uwake.

Mary Anning (1799–1847) hakuwa na bahati ya kifedha. Alikuwa binti wa seremala wa Lyme Regis, mji wa pwani ambao Austen aliutumia katika Persuasion. Yeye na kaka yake walichimbua mifupa ya mnyama wa kale wa baharini mwaka 1811 na 1812, alipokuwa na miaka kama 12. Wanaume waliandika juu ya visukuku vyake katika majarida ya kisayansi, mara nyingi bila kumtaja, na chama cha wanajiolojia cha London hakikumpokea kwa kuwa ni mwanamke. Binti mkusanyaji wa visukuku amekuwa mhusika wa kawaida katika riwaya za siku hizi. Watu wa mkoa wa Lindi wanaijua hadithi ya namna hii kwa njia nyingine: kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosauri mwaka 1909–1913, kilichimbwa kwa mikono ya mamia ya wenyeji, na mifupa ikasimamishwa Berlin.

Sheria, fedha na ndoa

Bila kujua sheria za wakati ule, hadithi hizi huonekana kuwa za dansi na nguo tu. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa hakuwa na nafsi yake kisheria. Fedha na mapato yake yalikuwa ya mume, na hali hiyo ilianza kubadilika kwa sheria za mwaka 1870 na 1882. Vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa kwake: Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia wanawake shahada zake mwaka 1878, Oxford mwaka 1920, na Cambridge mwaka 1948 tu. Kazi pekee yenye heshima kwa binti wa tabaka hilo asiye na fedha ilikuwa ualimu wa nyumbani, akiishi katika nyumba ya watu, si mgeni wala si mtumishi. Katika Emma, Jane Fairfax, msichana mwenye elimu kuliko wote kijijini, anaizungumzia kazi hiyo pamoja na biashara ya watumwa.

Kwa hiyo mwanamke msomi wa riwaya hizi anapokataa kuolewa, anahatarisha chakula chake cha uzeeni. Elizabeth Bennet anamkataa Bwana Collins akijua kwamba shamba la baba yake, lenye mapato ya pauni 2,000 kwa mwaka, limefungwa kwa sharti la urithi liende kwa mwanamume wa ukoo, na mwanamume huyo ni Collins mwenyewe. Rafiki yake Charlotte Lucas, mwenye miaka 27, anamkubali Collins huyo huyo siku chache baadaye kwa sababu anahitaji nyumba. Austen hamhukumu Charlotte, na hapo ndipo kitabu kinapouma zaidi.

Fedha za ndoa nazo zilikwenda kinyume na mahari ya kwetu. Ni upande wa binti uliopaswa kumpa fungu la kwenda nalo kwa mume, na binti asiye na fungu alibaki nyumbani hata awe na akili za namna gani.

Staha

"Safi" haina maana kwamba watu wa riwaya hizi hawana tamaa au makosa. Wapo wanaotorosha wasichana, wenye watoto wa nje na wanaofilisika kwa kamari. Tofauti ni kwamba mlango wa chumba haufunguliwi mbele ya msomaji, na kwa kawaida mapenzi yanaishia kwenye busu moja mwishoni. Kazi ambayo mwandishi mwingine angeifanya kwa kueleza miili, hapa hufanywa na mazungumzo. Adabu za wakati ule zinamsaidia: msichana hakai peke yake na mwanamume bila msindikizaji, hamwandikii barua asiyemchumbia, na akicheza naye zaidi ya mara mbili katika dansi moja watu wanaanza kuhesabu siku za harusi. Ndani ya vizuizi hivyo, ubishi juu ya tafsiri ya ubeti wa Kigiriki unaweza kuwa ndiyo posa yenyewe.

Baada ya Heyer

Barbara Cartland (1901–2000), aliyeandika vitabu zaidi ya 700, alieneza hadithi za mabikira na wakuu wenye vyeo. Mwaka 1950 Heyer alilalamika kwamba Cartland ameiga kazi zake. Mabinti wa Cartland ni wazuri na wapole kuliko walivyo wasomi. Nchini Marekani wachapishaji kadhaa walikuwa na mifululizo ya vitabu vyembamba vya Regency hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Baadaye soko liligawanyika. Julia Quinn na wenzake waliandika hadithi za Regency zinazofungua mlango wa chumba. Riwaya yake The Duke and I (2000) ndiyo chanzo cha tamthilia ya Bridgerton, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2020. Upande wa staha, mchapishaji Shadow Mountain wa Utah alitoa Edenbrooke ya Julianne Donaldson mwaka 2012, na waandishi kama Sarah M. Eden wanaendelea katika njia hiyo.

Lawama kubwa juu ya aina hii ni ufinyu wake. Wapishi, wafua nguo na wachunga farasi wapo tu kufungua milango. The Grand Sophy (1950) ya Heyer ina sura inayomchora Myahudi mkopeshaji kwa dharau, na wasomaji wengi wa leo wanaiona kuwa doa. Tena msomi wa kike wa siku hizi mara nyingine ni wa jina tu: anavaa miwani ukurasa wa kwanza na kusahau vitabu ukurasa wa hamsini.

Ulinganisho na Tanzania

Katika riwaya ya Kiswahili msichana aliyesoma hakupata mwisho wa furaha kwa urahisi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inamfuata binti wa Ukerewe kutoka kwa baba mkali hadi shule ya bweni na chuo cha ualimu, na mwisho wake ni kifo. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya uwazi wake. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, na anapotoroka anaangukia mabaya zaidi. Riwaya hizi zina nguvu kuliko nyingi za Regency, lakini msichana wa kidato cha tatu anayezisoma anaweza kudhani kwamba elimu na mapenzi havikai nyumba moja.

Wasomaji wa Nachingwea na Ruangwa wataona mambo mengine. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wa huko kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Zamani mume alihamia kwa kina mke na kumlimia mkwe, na mjomba ana sauti katika ndoa ya mpwa wake. Kwa watu hao, shamba la akina Bennet kuwapita mabinti watano na kwenda kwa mtu wa mbali ni kichekesho kabla ya kuwa msiba. Lakini msimu wa London hauwi mgeni kwao: binti anayefundishwa adabu na mwanamke mkubwa, kisha kutolewa nje kwa ngoma na nguo mpya ili watu wajue kwamba amefikia umri wa kuolewa, anafanana na mwali anayetoka unyagoni. Tofauti ni kwamba mwali hutolewa pamoja na wenzake na kijiji kizima kinacheza, wakati binti wa London anashindana na wenzake.

Suala la umri nalo si la mbali. Lydia, mdogo wa akina Bennet, anatoroka na afisa wa jeshi akiwa na miaka 16 tu, na familia inapona aibu kwa kumlipa mwanamume huyo ili amwoe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, ingawa kwa mvulana iliweka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Riwaya zote za Jane Austen zimetoka katika hakimiliki na zinapatikana bure mtandaoni, hata kwa simu. Kiingereza chake kina sentensi ndefu, na msomaji wa sekondari huchoka mapema akianza na Mansfield Park au Emma. Pride and Prejudice ina mazungumzo mengi zaidi na inasomeka kwa urahisi. Za Heyer bado zina hakimiliki katika nchi nyingi.